Enid Cropper na Vumbi la Scarthwell

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufuta vumbi, Bi Enid Cropper, msimamizi wa usafi wa jumba la Scarthwell, alistaafu rasmi Ijumaa, tarehe 28 Juni. Vumbi limebaki kazini.

Enid aliajiriwa wakati hapa palikuwa nyumba ya kawaida ya watu wenye vyumba vingi kuliko ndugu. Kisha paa likaanza kuvuja, wenye nyumba wakaanza kuwakodishia watengenezaji wa filamu, na hao, walipoziona ngazi zetu na madirisha yetu, hawakutaka kutengeneza kitu kingine ila filamu za kutisha. Tangu hapo watu wengi wamenyongwa, wamezikwa hai na kuliwa katika vyumba vyetu, na kila mara aliyesafisha ni Enid.

Filamu ya kwanza ilileta msiba mdogo. Mafundi walishinda ukumbini wakipuliza tandabui za gundi na kumwaga vumbi la kununua. Asubuhi Enid aliingia kazini kama kawaida. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu, na kabla ya saa nne ukumbi ulikuwa unang'aa. Rufus, mkuu wa mafundi, alikaa kwenye ngazi akalia. Enid alimpelekea chai na biskuti mbili. "Usione aibu, mwanangu," alimwambia. "Palikuwa pachafu kweli, lakini nimeshaona pabaya zaidi." Kuanzia siku hiyo kila filamu ilitundikiwa kibao mlangoni: VUMBI HILI NI LA FILAMU. ENID, TAFADHALI.

Mwaka mwingine mwigizaji aliyecheza mzimu alikatiza kwenye zulia la ghorofani akichuruzika damu ya bandia.

"We! Zulia hilo!" Enid alimpigia kelele. "Kufa umekufa, lakini miguu utafuta!"

Mzimu ulirudi mlangoni ukafuta miguu. Mwongozaji alikiri kwamba siku hiyo hakuna aliyetisha kumzidi Enid.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililomnyima raha. Dada yake mkubwa, Muriel, anayeishi Skegness, hajakosa filamu yetu hata moja, na kila akitoka kuitazama alipiga simu. "Nimeliona jiko lako, Enid. Mama angekuwa hai, angekufa kwa aibu." Enid alipomweleza kwamba uchafu ule hununuliwa dukani, Muriel alijibu kwamba hakuna mwenye akili timamu anayenunua uchafu. Majirani wa Skegness nao walishapata habari. Sisi tulicheka. Enid hakucheka. Huyu ni mtu anayepiga pasi hata vitambaa vya kufutia vumbi, na maneno ya dada yake yalimuuma kwelikweli. Kabla ya kustaafu alitaka kitu kimoja tu, Muriel aje aione Scarthwell ilivyo.

Tukamwalika Muriel kwenye sherehe ya kuaga. Siku ilipokaribia, tukakumbuka kwamba filamu nyingine ilikuwa katikati, ukumbi umejaa tandabui hadi darini na jeneza liko juu ya meza ya chakula. "Nitamwambia asije," Enid alisema, akaingia stoo akafunga mlango.

Rufus, ambaye sasa ana mvi, aliyasikia hayo. Alhamisi mchana alisimamisha kazi, na mafundi wake wote wakapanda ngazi kung'oa walichokipuliza wiki nzima. Enid alitoka stoo kuwatazama, lakini hakuvumilia. Walikuwa wanafuta kuanzia chini kwenda juu. Akawapokonya vitambaa.

Ijumaa Muriel alifika, akavua koti, akapita chumba hadi chumba akipitisha kidole juu ya milango, nyuma ya saa, kwenye fremu za picha. Tulimfuata na vikombe vya chai vikipoa mikononi. Hatimaye aliketi, akakitazama kidole chake.

"Pako safi," alisema. "Sasa mbona miaka yote hii hukunikaribisha?"

"Niliogopa, dada. Kila nilipotaka kukuita, walikuwa wameshamwaga vumbi."

"Mjinga we. Ningekuja na fagio langu."

Enid alilia, nasi tukalia pamoja naye. Jumapili alihamia Skegness, kwa Muriel. Asante, Enid, kwa kila chumba. Tunakuombea miaka mingi ya afya na raha, wewe na dada yako, mkigombania fagio.

Gordon Peake, mtunza bustani