Saa Zilizoandikwa Pembezoni: Bi Chausiku Abdulsalam Anapumzika Kazi

Tarehe 31 Julai 2025, Bi Chausiku Abdulsalam anastaafu baada ya miaka ishirini na miezi kumi na mmoja katika chumba cha sampuli cha maabara yetu hapa Guangzhou. Tulitaka kuandika ishirini na mmoja. Alikataa: mwezi ambao hakuufanyia kazi, alisema, si wake.

Alifika kutoka Unguja kununua nguo katika soko la jumla la Shisanhang. Siku moja aliombwa amfasirie daktari maneno ya mgonjwa, na biashara ikabaki kwa mumewe. Kutoka ukalimani alisomea utoaji wa damu, kisha akawa msimamizi wa sampuli. Wengi mnaosoma ratiba hii ya hafla ya kumuaga mnaujua mkono wake mwepesi na ulimi wake usiopokea visingizio. Jean-Luc, anayenunua jinzi Xintang kwa ajili ya Lubumbashi, aliwahi kumuuliza, akimwita kama mwenye duka: “Laoban, hii damu yote munapelekaka wapi? Munauzisha?” Akajibiwa kwamba ya wengine ingeuzika, yake ni pilipili tupu.

Damu hiyo ilikuwa ya utafiti wetu mkubwa: je, seli za kinga za mwili hubadili hatari ya mtu kupata saratani ya utumbo mpana? Kuzihesabu tu hakutoshi, kwa kuwa saratani yenyewe huweza kuzipandisha au kuzishusha. Tunaanzia kwenye jeni. Mtu huzaliwa nazo, na ugonjwa hauzigeuzi. Iwapo wale ambao jeni zao huwapa seli nyingi za aina fulani huugua kidogo kuliko wengine, huenda seli hizo ndizo kinga. Nasema huenda.

Mwaka jana mwandishi wa wasifu huu hakusema huenda. Kati ya wafanyabiashara 312 wa mtaa wa Dengfeng waliotoa damu, jeni moja ilionekana kuambatana na wingi wa seli, na tulipoilinganisha na takwimu za wagonjwa ikaonekana kukinga. Makala yalikuwa tayari kutumwa Ijumaa. Zahanati moja ilisubiri matokeo ili ipange foleni ya kipimo cha kamera ya utumbo: wenye jeni hiyo, wengi wao watu wa pwani, wangewekwa mwisho.

Jumatano Bi Chausiku aliingia na daftari lake. Fomu yetu ilikuwa na nafasi ya tarehe, haikuwa na nafasi ya saa. Yeye alikuwa akiandika saa pembezoni mwa kila ukurasa, kwa mazoea, bila kuagizwa na mtu. “Mwanangu,” alisema, “hawa wangu walikuja Ramadhani, wameshafuturu. Wale wa Kongo walikuja asubuhi, hata chai hawajanywa. Wewe umewasoma kama waliokaa benchi moja?”

Seli hizo huongezeka kwenye damu usiku na kupungua asubuhi. Hilo limo katika vitabu, na mwandishi alilisoma chuoni. Jeni ile, inayopatikana zaidi pwani, ilikuwa imebebeshwa sifa ya saa ya futari.

Makala hayakutumwa. Bi Chausiku alianza kupiga simu, mtu mmoja baada ya mwingine, akiwataka wote warudi saa tatu asubuhi. Mwenye duka la simu mtaani, alipofuatwa dukani, alimfungia mlango kwa mzaha, akapaza sauti kwa Kichina cha sokoni, “Mei you!”, yaani hakuna kitu. Bi Chausiku alisubiri nje mpaka mlango ukafunguliwa na mkono ukatolewa.

Hadi leo wamerudi 271. Ule uhusiano wa jeni na seli tuliodhani tumeuona umepungua zaidi ya nusu; kilichobaki ni chembamba mno, na siku nyingine nashindwa kujua kama nakiona kwa sababu kipo au kwa sababu nakitaka. Wamebaki 41. Bila wao hatuwezi kusema ndiyo wala hapana, na wengi waliitikia sauti ya mtu mmoja, ambaye sasa anaondoka.

Wa kwanza wa hao 41, Ilham, anatua alfajiri ya Jumatatu kutoka Dar es Salaam. Ametuma ujumbe kwamba hampi mtu mkono wake ila Bi Chausiku. Mstaafu wetu alimjibu palepale: “Ilham, umri wako huu bado unachagua wa kukuchoma? Nenda kwa Mueni. Nimemfundisha kuchoma; anatetemeka kidogo, lakini sasa anaandika saa.”

Jumatatu, saa tatu asubuhi, daftari litakuwa mezani, limefunguliwa ukurasa wa Ilham.

Bi Chausiku, asante kwa ile Jumatano. Tunakuombea afya, usingizi mrefu na asubuhi zisizo na miadi. Simu yako, tafadhali, usiizime.

Mueni, kitengo cha uchambuzi