Mjomba Bado Ashinda Drafti

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na moja ya kuwashauri watoto na vijana wenye mioyo mizito, Mjomba Bado anastaafu rasmi. Anatuachia sisi wafanyakazi wenzake chumba namba tatu, viti vifupi vinavyotuumiza magoti, drafti ya vizibo vya soda, na sifa moja aliyoilinda miaka yote: hakuna mtoto aliyewahi kufungwa naye.

Jina alipewa na watoto wenyewe. Kete zake zikiliwa mpaka ibaki moja, yeye husema bado, bado, mchezo haujaisha. Kumbe umeisha zamani.

Wakubwa wetu wa kazi waliamini kushindwa huko ni utaalamu. Wakaja hata wageni kujifunza mbinu yake ya kushindwa makusudi ili mtoto ajiamini. Waliandika weee, mpaka mlinzi wetu, anayecheza naye kila mchana, akawaonea huruma na kusema kweli: huyu mzee hajui tu. Jamani, tulicheka mpaka chai ikatutokea puani.

Lakini kutojua huko kulikuwa dawa. Mwaka jana shangazi mmoja alituletea binti ambaye hakuwa amesema neno tangu mama yake afariki. Wiki baada ya wiki, kimya. Siku moja Mjomba akarudisha kete nyuma, na binti akafoka kwamba kete haitembei hivyo, ala! Huko kwenye korido shangazi akaangusha pochi. Mjomba akaomba aelezwe sheria upya. Akaelezwa, na kidogo kidogo akaelezwa pia habari za mama.

Ndiyo maana binti aliposikia Mjomba anastaafu akanyamaza tena, sote tuliingiwa na hofu. Tulijua anachowaza: na huyu naye anaondoka.

Jumatatu alikuja, akapanga vizibo bila neno. Akaiacha kete yake wazi iliwe. Mjomba hakuiona. Akaacha nyingine, wapi! Ya tatu ilikuwa chini ya pua yake, naye anakuna kidevu tu, bado, bado. Uvumilivu ukamwisha binti, akapiga kelele zilizofika jikoni, kwamba Mjomba ale basi, ale! Mjomba akala. Akazidi kuachiwa na kula, mpaka akashinda. Akacheza dansi korido nzima, viatu mkononi.

Binti alitueleza baadaye kwamba mtu akiondoka lazima aagwe vizuri, na yeye hakuwahi kumuaga mama yake.

Asante, Mjomba, kwa kila mara uliyofungwa. Maisha yako ya kustaafu yawe na afya, usingizi na vicheko. Unaondoka ukiwa mshindi. Tafadhali usicheze tena, usije ukaharibu.