Mguu wa Mama na Ekzosi Yangu ya Kelele

Ndugu zangu, nawasalimu katika Bwana aliyenigeuza barabarani nikiwa nimeshakimbia. Apewe sifa!

Mimi ni Lusajo, wa hapa hapa Kyimo, mtoto wa Mama Sekela, yule anayekaa benchi la pili karibu na dirisha. Wengine mnanifahamu kwa sura, na wengine mlinifahamu kwa mlio wa pikipiki kabla hamjaiona sura. Nimesimama leo kwa sababu ya mlio ule.

Nilimaliza kidato cha nne Tukuyu, na wiki iliyofuata nilikuwa Tunduma. Hakuna aliyenifukuza nyumbani. Miguu tu ilikuwa inawasha. Nimebeba mizigo Tunduma, nimekuwa utingo wa lori mpaka Makambako, nimekuwa fundi pikipiki Ifakara, nimeuza viatu vya mitumba Morogoro. Kila nilikofika niliikumbuka Rungwe mpaka machozi: ukungu unavyoshuka mlimani asubuhi, harufu ya majani mabichi ya chai lori likipita, ndizi za mama na maziwa ya mgando. Lakini nikirudi, siku ya tatu tu naanza kuikumbuka Ifakara! Ndugu zangu, huo ni utumwa. Mtu anaishi miaka ishirini na hayupo mahali alipo.

Na lilikuwepo jambo baya zaidi. Mimi nikimkosea mtu, naondoka. Sikujua kusema nisamehe. Baba alipokuwa mgonjwa tuligombana kwa ajili ya shamba la migomba, nikaondoka na hasira zangu. Niliporudi, kaburi lake lilikuwa limeshaota majani. Mama hakunilaumu hata kwa neno moja. Aliniwekea chakula, akakaa pembeni akanitazama nikila. Nikashindwa kumtazama na mimi. Kabla ya Jumapili nikawa nimeshaondoka tena.

Miaka michache iliyopita dada yangu alinipigia simu kwamba mama ana sukari na miguu imeanza kufa ganzi. Nikarudi. Nikanunua pikipiki, nikaanza kazi ya bodaboda pale barabarani. Vijana wa kijiweni wakanipokea kwa matani.

"Shikamoo babu! Leo fimbo umeiacha wapi?"

"Mwacheni babu. Sikilizeni pikipiki yake, inalia kama cherehani. Babu, nishonee suruali!"

Nilicheka nao, lakini iliniuma. Mtu niliyezunguka nchi nzima naitwa cherehani! Nikashuka Tukuyu kwenye duka la vipuri la Mzee Salumu, ambaye babu yake alitoka pwani akahamia kwetu. Nikachagua ekzosi ya kelele, fupi, nene, inayong'aa. Mzee Salumu akaigeuzageuza mkononi.

"Hii haina kava la kuzuia joto," akasema. "Na wewe unapakia mama za watu."

"Mzee wangu, mimi ni fundi miaka mingi."

"Ufundi sikunyang'anyi, baba. Nakwambia tu kwamba inachoma."

Niliifunga mwenyewe asubuhi moja chini ya upenu wa jiko la mama. Nikafungua nati mbili za shingoni, kwenye injini, nikaweka gasketi mpya, nikakaza. Kwa nyuma tundu halikukutana na fremu, kwa hiyo nikakata kipande cha chuma bapa, nikatoboa, nikaunganisha. Ekzosi ikatokeza nje vidole vinne kuliko ile ya zamani. Nikajaribu kuivalisha kava la zamani, vibanio havikuizunguka. Nikasema, si neno, na tena kava linaficha mng'ao. Nikatupa kava na ekzosi ya zamani migombani. Nikapiga kiki.

Kuku walitawanyika! Mama akatoka jikoni na kiganja sikioni.

"Lusajo, imeharibika?"

"Imepona, mama!"

Akasikiliza kidogo. Kisha akasema, "Inalia kama mtu anayeaga," akarudi jikoni.

Ndugu zangu, alisema kweli. Mlio ule uliniamshia barabara zote. Nikipanda mlima nasikia malori ya Tunduma. Vijana wakanisifu, nami moyoni nikaanza kupanga safari, na mama aliijua kabla yangu.

Sasa sikilizeni. Siku moja nilimtoa mama kliniki ya sukari, Tukuyu. Tulipoiacha lami kuelekea kwetu tukakuta msiba kwa jirani. Desturi yetu mnaijua: ukipita penye msiba unazima injini, unashuka, unasukuma mpaka uipite ile nyumba. Na mlio wangu ulivyokuwa, nilizima mapema kwa aibu. Mama akashuka. Mimi nikashika usukani upande wa kushoto, yeye akashika keria upande wa kulia ili ajiegemeze, maana utelezi ulikuwa mkali. Tukasukuma polepole. Penye mlango wa wafiwa tukasimama kutoa pole. Mama alisema pole zake kwa Kinyakyusa, zile ndefu za wazee, anauliza kila mtoto, anaitikia kila neno. Mimi nimeinamisha kichwa. Nikasikia harufu ya kitu kuungua. Nikadhani ni masufuria ya msibani.

Haikuwa sufuria. Ulikuwa mguu wa mama yangu! Alikuwa ameegemea ekzosi ile ya moto, kitenge kimepanda, na ganzi haikumwambia chochote. Alisimama pale anawafariji wenzake huku anaungua, na wala hakujua.

Jeraha aliliona jioni aliponawa miguu. Na hakuniambia! Alipaka dawa ya meno, akavaa soksi ndefu, akaendelea kunipikia. Nililigundua baada ya siku kumi, kwa harufu. Nikavuta soksi kwa nguvu huku ananizuia. Wapendwa, sitaeleza nilichokiona. Nikamuuliza kwa nini amenificha. Akasema kwa sauti ndogo, "Ningekwambia, ungeondoka."

Nikampeleka hospitali. Daktari akakitazama kidonda, akaniita pembeni. Akasema watasafisha, lakini kama uozo umefika mfupani, mguu utakatwa chini ya goti. Majibu tungoje kwa muda wa saa mbili hivi. Nikarudi kwa mama kwenye benchi. Nikamwambia, "Mama, naenda kukuletea chai."

Bwana anisamehe, nilikuwa nakimbia. Ekzosi niliifunga kwa mikono yangu. Mzee Salumu aliniambia. Ningemtazamaje? Niliwasha pikipiki, nikashika barabara ya Mbeya. Nilipita njia panda ya kwetu hapa Kyimo bila kugeuza kichwa. Mvua inanipiga, ekzosi inaunguruma chini yangu, na kadiri inavyounguruma ndivyo nisivyosikia moyo wangu. Nikasema nitafika Tunduma leo leo.

Karibu na Kiwira magari yalikuwa yamesimama. Jeneza lilikuwa linavushwa barabara kwenda kuzikwa migombani, ng'ambo. Bodaboda wote wamezima, wameshuka. Na mimi nikazima, nikashuka, nikaanza kusukuma nyuma ya watu. Sikufikiri. Mikono ilifanya yenyewe yale niliyofundishwa utotoni. Kukawa kimya, ndugu zangu! Tangu nifunge ile ekzosi sikuwahi kukisikia kimya kama kile. Nikasikia mvua juu ya majani ya migomba. Nikasikia pumzi yangu mwenyewe, inakwenda kama ya mtoto aliyelia sana.

Mama mmoja mzee akajitenga na wenzake, akanijia, akanishika uso kwa viganja viwili.

"Umefika, baba," akasema. "Tulisikia pikipiki tukajua ni wewe. Tumekungoja siku mbili. Alikuwa anakuulizia."

Mwanamke mwingine akamvuta mkono. "Shangazi, siye huyo. Mwanawe simu haipatikani mpaka sasa." Kisha akaniambia, "Utusamehe, kaka. Macho yake hayaoni vizuri. Marehemu ni mdogo wake."

Nikajibu, "Mimi ni mpita njia tu, mama."

Yule mzee hakuniachia. Akapapasa shavu langu lililolowa, akasema, "Basi na wewe mpita njia una mama. Njoo utupe udongo, asikose wa kumtupia."

Nikaiacha pikipiki kando ya barabara. Nikasimama penye kaburi la mama nisiyemjua, mahali pa mwana ambaye hakurudi, nikatupa udongo kwa mkono huu. Hapo ndipo Bwana aliponishika! Sikusikia sauti, sikuona mwanga. Nililia tu. Nikasema, "Bwana, mama yangu yuko kwenye benchi anangoja chai. Mguu ukikatwa, nifundishe kumbeba. Ukipona, nifundishe kukaa. Lakini usiniache nikimbie tena." Maombi yangu yote ndiyo hayo. Na nilipoyamaliza, miguu iliyowasha tangu ujana ilitulia kama mtu ameishika.

Yule mzee aliponiaga alisema, "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana. Yeye ananishukuru mimi!

Nilisukuma pikipiki mpaka nikawapita wafiwa wa mwisho, ndipo nikawasha na kugeuza. Mama alikuwa palepale kwenye benchi. Akatazama mikono yangu mitupu yenye udongo, akatazama suruali yenye matope.

"Chai ilikuwa mbali," akasema.

Nikapiga magoti mbele ya watu wote wa foleni ile. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilisema, "Mama, nisamehe. Mimi ndiye niliyekuunguza. Na nilikuwa naondoka." Akaniwekea mkono kichwani. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Daktari akatuita. Uozo haukufika mfupani! Lakini alinionya kwamba kidonda cha mtu wa sukari ni cha kulelewa kama mtoto mchanga: kusafishwa kila siku, bila kuruka hata siku moja, na mguu usikanyage chini.

Jioni ile, kabla jua halijazama, nilifungua zile nati mbili. Nikamwambia mama kwamba sijui nitatembeleaje, maana ekzosi ya zamani niliitupa. Akanionyesha juu kwa kidole. "Panda darini."

Ilikuwepo, juu ya moshi wa jiko, imefungwa kwenye kitenge kikuukuu pamoja na kava lake. Alikuwa ameiokota migombani siku ile ile niliyoitupa.

"Kwa nini uliiweka, mama?"

"Nilisema siku akilichoka lile kelele, asikose cha kurudishia."

Ndugu zangu, nilikaa juu ya ile ngazi nikalia nikiwa nimekumbatia bomba la moshi!

Nikaifunga na kava lake. Kila asubuhi, miezi mitatu, nilimpeleka mama kusafishwa kidonda. Penye utelezi nilizima, yeye akakaa juu, nikamsukuma kama bibi harusi. Vijana wa kijiweni waliona. Walinitania siku mbili, "Babu, cherehani imerudi!" Siku ya tatu wakaja wawili kunisaidia kusukuma. Manesi wale hawakuchoka, Mungu awabariki. Kidonda kikapungua, kikawa kama sarafu, kikafunga. Limebaki kovu, na kila jioni ninalikagua kwa tochi pamoja na nyayo zote mbili, maana ganzi bado ipo. Wenye wazazi wa sukari, fanyeni hivyo. Msiwangoje waseme.

Sasa mama akipanda ananigonga bega na kuniuliza, "Umewasha?" Nami namjibu, "Tuko njiani, mama."

Kuzunguka nimeacha. Bado naikumbuka Ifakara, siwadanganyi. Lakini naikumbuka nikiwa nimekaa nyumbani.

Labda wewe unayenisikia umemkosea mtu, na pikipiki yako iko tayari, imeelekea mbali. Nakusihi kwa upole kabisa: zima. Shuka. Mwite Bwana hapo hapo kwenye matope, yuko karibu kuliko unavyodhani, kisha urudi ukaseme lile neno gumu. Mwamini. Mimi nilikuwa naogopa hukumu, na nilipopiga magoti niliulizwa kama nimekula.

Asanteni kwa kunisikiliza. Sifa zote ni zake. Leo asubuhi nilitaka kumpakia mama kuja hapa kanisani, akakataa. Amekuja kwa miguu yake. Yote miwili.