Mzee Isaiah arap Tonui, Aliyesema kwa Kidole

Mzee Isaiah Kipngeno arap Tonui alizaliwa Sosiot tarehe 14 Julai 1951, siku ya mvua ya mawe, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Kiptonui na marehemu Mama Tabutany. Mama yake alishikilia hadi uzeeni kwamba baridi ya siku ile ndiyo iliyomgandisha mtoto ulimi. Isaiah alikuwa na kigugumizi kikali. Hatulifichi jambo hilo leo, kwa kuwa yeye mwenyewe hakulificha.

Alianza shule ya msingi kijijini mwaka wa 1959. Akiitwa kusoma kwa sauti, darasa zima lilipumzika. Lakini hesabu aliziweza, na mwaka wa 1970 akajiunga na chuo cha ufundi Kisumu, akasomea umeme na redio. Huko ndiko alikokutana na Morse, ile lugha ya milio mifupi na mirefu ambayo mtu huigonga kwa kidole. Kidole cha Isaiah hakikuwa na kigugumizi. Alirudi nyumbani likizo akiwa na maneno tele na hana wa kumwambia.

Kuanzia 1973 hadi 2006 alikuwa fundi wa redio za mawasiliano katika kampuni moja ya majani chai, Kericho. Mitambo mipya ilipokuja, ile mikuukuu ya valvu, yenye taa za kioo ndani, ilitupwa stoo. Aliiomba, akaileta nyumbani kwa wilbaro, mmoja baada ya mwingine, akaifufua. Alichukua leseni ya kurusha mawimbi ya redio, akafunga waya kutoka paani hadi kwenye mti wa grevilia wa jirani yake, Mzee Sagini, akaanza kuzungumza kwa Morse na watu wa Japani na Brazili. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba bwana huyu mwenye maneno mengi hununua sukari dukani kwa kuinyooshea mkono.

Alifunga ndoa na Priscah tarehe 18 Desemba 1976. Wakati wa kiapo mchungaji alisubiri, kanisa likasubiri. Priscah anasema yeye hakuwa na haraka.

Julai ikifika, ukungu ukikaa juu ya chai hadi saa sita na wachumaji wakipuliza vidole, Isaiah aliwasha redio kubwa kuliko zote. Valvu zilichukua muda kupata moto, kisha chumba kikanukia vumbi la kuungua. Priscah alifuata joto, hakufuata redio. Aliketi hapo na sweta yake ya kufuma, na baada ya baridi za miaka miwili mitatu akajikuta anaielewa ile milio. Asubuhi moja aligonga kikombe kwa kijiko, akatamka kwa Morse kwamba chai iko tayari. Isaiah alicheka mpaka machozi yakamtoka. Tangu hapo hata ugomvi wao ulikuwa wa vijiko, na watoto hawakujua nani ameshinda.

Jambo lililomuuma ni koito, kikao cha posa, ambako baba husimama akasema. Kwa binti wa kwanza, Dorine, alisemewa na kaka yake Kipkosgei, ambaye alikubali harusi ya haraka, na Dorine akaacha chuo. Isaiah alikuwa amekaa papo hapo, neno limemkwama kooni. Hakujisamehe. Kwa hiyo wageni wa Sigowet walipokuja kumposa binti wa pili, Chemutai, Agosti 2004, naye bado anasomea uuguzi, Isaiah aliingia na kitufe chake cha Morse na kengele ya betri, akaviweka mezani kando ya kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya wageni.

"Sasa hii ni simu ama ni nini?" mzee mmoja wa wageni akauliza.

"Ni yeye anaongea," Priscah akasema. "Mimi nitawaambia."

Kengele ikaanza. "Anasema karibuni sana. Anasema amempenda huyu kijana wenu, Kiptum. Hapa anasifu ng'ombe wake mwenyewe, tuendelee." Watu wakacheka. Kisha milio ikaja polepole, na Priscah naye akapunguza sauti. "Anasema msichana amalize shule kwanza. Akimaliza, mrudi. Kabla ya hapo, hapana."

Yule mzee akamwinamia Priscah. "Basi mama, mwambie sisi..."

"Mwambie mwenyewe, mzee. Masikio yake ni mazima. Ni mdomo tu unachelewa."

Wageni wakageuka, wakamtazama Isaiah usoni, wakamjibu yeye. Walikubali. Chemutai alimaliza masomo, akaolewa na Kiptum mwaka wa 2007, na leo ni muuguzi.

Novemba 2024 Mzee alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulilala, na ulimi ukanyamaza kabisa. Akitibiwa Kapkatet alijifunza kugonga upya kwa mkono wa kushoto, kwa makosa mengi, na Priscah akimsahihisha bila huruma. Jumatano tarehe 2 Julai 2025, mchana wa baridi na ukungu, alimgonga mkewe kiganjani kwa muda mrefu, kisha akalala. Hakuamka tena.

"Mama, alikuwa anasema nini?" Chemutai akauliza.

"Ya koito niliwatafsiria," Priscah akajibu. "Hii ni yangu."

Amewaacha mjane wake, Priscah. Mabinti zake, Dorine, ambaye kwa kusukumwa na baba alirudi chuoni na sasa ni mwalimu, na Chemutai. Wakwe na wajukuu. Kaka yake Kipkosgei. Jirani yake Mzee Sagini. Na marafiki wa hewani ambao bado hawajapata habari.

Apumzike kwa amani Mzee wetu, mtu aliyechelewa kusema, lakini akasema.