Neno Alilosikia Philomène

Wasikilizaji wapendwa wa Likasi, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Mama Asumini wa Kikula, tuliyemzika Ijumaa. Nasema Mama Asumini, yule Mwislamu aliyewafundisha akina mama wa nyumbani kutunza mioyo yao.

Baba yake alikuwa mwalimu wa Kurani kutoka Kasongo. Mwaka 1991, mishahara ya viwandani ilipoanza kukatika, wake za wafanyakazi walibaki na sufuria tupu na hasira tele. Asumini akawafungulia ua wake kila alasiri. Wakristo walijaa humo. Walitwanga sombe, yale majani ya muhogo, naye akawaeleza habari za nafsi: iko inayokuchochea, iko inayokulaumu, iko iliyotulia, na zote zinakaa ndani ya mwanamke mmoja. Hasira ikikukuta umesimama, kaa. Isipoisha, tia udhu. Wengine walicheka, na kesho yake walirudi.

Jirani yake Philomène, mke wa Kalombo wa kiwanda cha Shituru, hakukosa hata siku moja.

Ikaja 1993. Watu wenye asili ya Kasai, kama Kalombo na mkewe, wakafukuzwa mjini kwetu. Kalombo alitoka kwenda kazini, hakurudi. Watu wakamhimiza Philomène awahi treni ya Kasai na watoto. Yeye akaenda kwanza kwa Asumini. Asumini akamshika mikono, akamwambia: subiri.

Kwa Asumini, neno hilo lilikuwa kushikilia moyo usivunjike, hata ukiwa mbioni. Philomène alisikia: ngoja. Akamngoja mumewe siku nne. Treni ikaondoka. Siku ya tano vijana walikuja na mawe na petroli. Philomène alifika stesheni mikono mitupu, na surua ikamchukua mtoto wake mdogo, Tina, pale pale sakafuni, kabla treni nyingine haijaja kuwapeleka Kasai.

Tangu hapo Asumini alisikia mchi wa Philomène ukitwanga ng'ambo ya ukuta, katika nyumba iliyoungua, isiyo na mtu. Alimsikia mchana kweupe. Aliendelea kufundisha, ila kila neno alilieleza mara mbili.

Binti yake, Mamie, ameniambia: "Tulimuambia, mama, haikukuwa kosa yako. Alikuwa anajibu tu: 'Minye njo nilimuambia. Sijue kama alinisamehe.'" Yaani, mimi ndiye niliyemwambia; sijui kama alinisamehe.

Mwaka jana msafiri kutoka Mwene-Ditu, huko Kasai, alileta ujumbe: Philomène anakusalimia. Basi. Asumini alimuuliza, sauti yake ilikuwaje aliposema hivyo? Msafiri hakukumbuka. Asumini amekufa bila kujua.

Wasikilizaji wapendwa, nakiri habari hii inanitisha, maana kazi yangu ni maneno. Mtu akikujia moyo unamwaka, mpe neno lako, kisha muulize amesikia nini.

Pole kwa Mamie na ndugu zake. Pole kwa wanawake wote wa ule ua. Mungu amrehemu Asumini. Na wewe Mama Philomène, kama sauti hii inakufikia, pole, umefiwa nawe. Mamie ameomba niseme hivi: kwenye mkeka wa matanga, nafasi yako haijakaliwa na mtu.