Bibi Punje na Mpiko wa Arobaini na Moja

Tunamsindikiza bibi yetu, na wote mliopo mnajua hajawahi kutulia sehemu moja muda mrefu kama leo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkunga. Alitembea akiwa na miezi tisa, na mama yake alisema hapo ndipo usingizi wa nyumba nzima uliisha.

Alisoma shule ya msingi na sekondari ya wasichana, ambako alitolewa darasani kwa kuuliza "kwa nini" mara kumi na moja kwenye kipindi kimoja. Mwalimu alihesabu. Novemba 1980 alihitimu kemia chuo kikuu.

Tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa maabara ya kiwanda cha nguo. Maji yalitoka kiwandani mekundu, yakapita mtaroni nyuma ya nyumba za wafanyakazi, na hilo lilimkosesha raha kabisa. Akaanza kupika, na kila jaribio akaliita mpiko. Kwa wasiojua alichopika: titani dioksidi ni ile poda nyeupe ya kwenye rangi za ukutani. Ukiishikiza juu ya punje za silika, zile za kwenye vipakiti vya ndani ya boksi la viatu, ukaziweka kwenye maji machafu juani, inavunjavunja uchafu na yenyewe haiishi. Ndiyo maana akaitwa Bibi Punje.

Mirija ya majaribio alitengenezewa na fundi kioo.

"Dada, hii mirija unaivunja au unaila?"

"Tengeneza, kaka, acha maneno."

Walioana tarehe 19 Desemba 1987. Babu alikuja kukiri kwamba mrija mmoja aliufanya mwembamba makusudi, ili dada arudi haraka.

Tarehe 9 Agosti 1993 alipika mpiko wa arobaini na moja. Maji yaliingia mekundu, yakatoka safi hadi unasoma gazeti upande wa pili! Maabara ilipiga kelele. Mpiko uliofuata ukagoma: poda ilibanduka, maji yakawa kama maziwa. Alipika mingine hadi wa 117, akastaafu mwaka 2017, yote imegoma. Hata mezani alikuwa anakula huku anachorachora.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Jumanne tarehe 13 Mei 2025 Babu alikuwa anachemsha maji chumbani, kioo cha dirisha kikaingia ukungu. Bibi akaketi ghafla.

"Birika!"

"Unataka chai, mama?"

"Sitaki chai! Siku ile tulichemsha chai!"

Kumbe chai ilikuwa marufuku maabara, na marufuku yenyewe aliiweka yeye. Siku ya mpiko wa arobaini na moja palikuwa na baridi, akachemsha birika kando ya punje, halafu kwa aibu hakuandika. Yaani yeye, aliyetugombeza wajukuu kwa kusahau tarehe daftarini! Mvuke ule ulizilowesha punje kidogo tu, kiasi cha poda kushika. Siku nyingine zote alizikausha mno.

Akampigia Mtani, msaidizi wake wa zamani, ambaye sasa ndiye mkuu wa maabara.

"Mtani, weka birika kando ya punje."

"Bibi, si ulipiga marufuku?"

"Nimeifuta!"

Tarehe 29 Mei, Bibi akiwa amelazwa, Mtani alimletea hospitalini chupa ya mpiko wa 118. Safi. Bibi akaiinua kwenye mwanga, akaigeuzageuza.

"Hiyo bahati tu. Rudia."

Alifariki Jumapili tarehe 1 Juni, saa mbili asubuhi, Babu amemshika mkono, jibu halijaja.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, dada mmoja, na daftari ambalo kwenye ukurasa wa tarehe 9 Agosti 1993 limeongezwa neno "birika", kwa mwandiko wake unaotetemeka.

Jana alasiri Mtani alifika nyumbani na chupa mbili, mpiko wa 119 na wa 120. Ziko hapo mezani, karibu na picha yake. Zitazameni.

Imerudia, Bibi. Haya, kaa sasa. Pumzika kwa amani.