Bibi Aliyeandikwa Peupe

Katika treni, fundi bomba alinong'ona majina ya ukoo wa Yesu, maana Jumapili zamu ya kusoma kanisani ilikuwa yake. Mama mshonaji aliyeketi ubavuni alichoka kabla hawajafika kwa Daudi.

"Ruka, baba. Utawalaza waumini."

"Nikiruka nitamficha Rahabu, mama. Yule kahaba. Naye ni bibi yake Yesu."

"Na wakamwandika?"

"Peupe."

Mshonaji akakaza kilemba ambacho hakikuwa kimelegea. "Mjukuu wangu baba yake hajulikani. Nimekataza asibatizwe. Aibu hufichwa, haibatizwi."

"Ingekuwa hivyo, mama, Krismasi ingekuwa siku ya kazi."

Treni ikasimama. Mshonaji akashuka bila kuaga, simu sikioni: "Mpime huyo mtoto kifua na urefu. Usiniulize nguo ya nini."